Filamu ya Kihindi haitazamwi mdomo mtupu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga tu wazima, hofu yetu ni juu yako uliye mbali. Dada yako hajambo, watoto hawajambo. Shangazi yako wa Pangani yupo hapa kwangu tangu Idi. Alisema anakuja kwa siku mbili, na mpaka leo mkoba wake umo chini ya kitanda changu. Anakusalimu sana na anauliza unaoa lini, lakini hilo swali ni lake, mimi simo.

Paa la jikoni tumeshalitengeneza kwa zile hela ulizotuma. Mvua za mwaka huu hazikuingia hata tone.

Majuzi kwenye simu uliniuliza mbona uso umepungua, je, naumwa? Siumwi, mwanangu. Nilitaka kukueleza palepale, lakini wifi yangu akaninyang'anya simu, nawe unamjua, akishaishika haiachii mpaka salio liishe. Basi nakuandikia. Nitaanza na filamu, maana bila ile filamu haya mengine yasingekuwepo.

Dada yako alitununulia waya wa kuunganisha simu na televisheni. Jumamosi moja usiku, masika imechachamaa nje, akatuuliza tunataka kutazama nini. Wifi akadakia hata mwenzake hajamaliza kusema: Amar Akbar Anthony! Nikamtazama, akanitazama, tukaanza kucheka kabla hata ya filamu kuwashwa.

Wewe hukuidiriki hiyo. Ilitoka Bombay mwaka 1977, mwongozaji wake Manmohan Desai, na ilipofika huku kwetu sisi tulikuwa bado wasichana wa kutumwa dukani. Yumo Amitabh Bachchan, yumo Vinod Khanna, yumo Rishi Kapoor, wote watatu ndani ya filamu moja. Ukiikosa, Jumatatu shuleni huna la kusema, unakaa pembeni unasikiliza wenzio.

Hadithi yenyewe, ukiisimulia kwa utulivu, haina kichwa wala miguu. Baba mmoja anakimbizwa na watu wabaya, anawaacha wanawe watatu bustanini chini ya sanamu ya Gandhi, tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru wa India. Akirudi hakuna mtoto hata mmoja. Mkubwa kachukuliwa na askari polisi Mhindu, wa kati kalelewa na padri, mdogo kaokotwa na fundi cherehani Mwislamu. Mama yao naye kaangukiwa na tawi la mti, macho yakapofuka. Miaka inapita, watoto wanakua mji mmoja bila kujuana: Amar ni polisi, Anthony anauza pombe, Akbar ni mwimba kawali, zile nyimbo za makofi za Waislamu wa India. Halafu yule mama anagongwa na gari, anahitaji damu, na nani wanaokuja kumtolea? Haohao watatu! Wamelazwa vitanda vitatu sambamba, mipira inatoka mikononi mwao, damu inapanda juu kwenye chupa, kisha inashuka moja kwa moja kwa mama.

Dada yako, si unajua kasomea maabara, alisimama wima. "Damu inapandaje juu? Na kundi hawajapima!" Wifi akamwambia kaa chini wewe, hiyo ni damu ya nduguzo, haipimwi.

Basi hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Na bado Amitabh hajatoka kwenye yai. Kuna sherehe ya Pasaka, limewekwa yai kubwa kama kibanda, linapasuka, anatokea Anthony kavaa kofia ndefu nyeusi na kioo cha jicho moja, mwavuli mkononi, anamwaga Kiingereza ambacho hata Mwingereza mwenyewe hakijui. Dada yako kasoma mahali kwamba lile jina la Anthony Gonsalves walilitwaa kwa mwalimu wa fidla wa Pyarelal, mmoja wa wale wawili waliotunga muziki wa filamu hiyo. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mgoa. Yaani mzee wa watu kafundisha fidla, jina lake likaja kujulikana dunia nzima kupitia mlevi aliyemo ndani ya yai. Na huyo mlevi baadaye anapigwa vibaya, anarudi nyumbani kavimba, anasimama mbele ya kioo kujitibu. Anampa pole yule aliyemo kiooni, anampaka dawa, anambandika plasta. Kiooni! Wifi alikuwa anapiga godoro kwa ngumi, hana sauti, machozi yanamtoka.

Kuna wimbo mmoja humo wameimba Mohammed Rafi, Kishore Kumar, Mukesh na Lata Mangeshkar kwa pamoja. Huo tulinyamaza tukausikiliza. Mengine yote tulipiga kelele.

Watu wa siku hizi wanapenda filamu yenye mafunzo. Akimaliza kutazama anakuuliza, umejifunza nini? Mimi sikujifunza kitu, na sikutaka. Nililala usingizi mzito hata mvua sikuisikia, na asubuhi niliamka nikiimba. Tangu baba yako atutoke sikuwa nimecheka namna ile.

Sasa nije kwenye chakula. Filamu ile ni saa tatu nzima, na filamu ya Kihindi haitazamwi mdomo mtupu. Enzi zetu nje ya sinema palikuwa na bisi, njugu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi. Mimi usiku ule nilishapanga kachori, viazi nimeshavichemsha mchana. Nawasha jiko, gesi imekata. Mkaa nao uko uani, umelowa chapachapa. Dukani nani aende na mvua ile?

Nikafungua friji. Nikakuta kabichi nusu, karoti za Lushoto, matango, nyanya, parachichi moja lililoiva vizuri, na kwenye ungo palikuwa na embe mbichi mbili za jirani. Nikakatakata vyote. Kitunguu nikakifikicha kwa chumvi na kukiosha mara mbili kama alivyonifundisha bibi yako, ule ukali ukatoka. Kotmiri nikaikata na vijiti vyake. Nikakamulia ndimu, nikatia pilipili mbuzi kidogo, juu nikamwaga njugu za kukaanga zilizobaki tangu jana nikiwa nimezitwanga nusunusu. Nikavichanganya kwenye lile bakuli kubwa la pilau, nikaleta na vijiko vitatu.

Wifi aliliangalia bakuli akaniuliza, "Na pilau iko wapi?"

Maana kwetu kachumbari ni msindikizaji. Inakaa ukingoni mwa sinia, kila mtu anachota kijiko, basi. Hakuna aliyewahi kuiona imekuja peke yake ikajitambulisha kuwa ndiyo chakula. Lakini giza, filamu, mikono inakwenda yenyewe. Uchachu wa embe, utamu wa karoti, parachichi limelainika limepaka kila kitu, halafu njugu zinapasuka chini ya jino. Yai halijapasuka bado, bakuli likawa jeupe. Dada yako akaenda kukata jingine kwa tochi ya simu, na wifi akapiga ukelele kutoka chumbani, "Ongeza embe!"

Ukubali usikubali, mwanangu, hivyo ndivyo mama yako alivyoanza kula saladi.

Zahanati wamenisomea somo hilo miaka. Muuguzi mmoja, binti mpole sana, alinipa karatasi yenye picha: mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku, chumvi isizidi gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Nilimshukuru, karatasi nikaibandika mlangoni mwa friji, ikafifia pale hadi picha ya karoti ikawa nyeupe. Si kwamba nilimdharau. Ila alivyonieleza ni kama anasoma hukumu: acha hiki, acha kile, punguza hiki. Na chakula kilichokuja badala yake nilikijua: kabichi la kuchemsha lisilo chumvi, limekaa kwenye sahani linakutazama. Nani atakula hicho miaka ishirini? Utakula wiki moja, kisha harusi itakuja, na harusi Tanga hazikosi.

Ndimu ndiyo iliyonifungua macho kuhusu chumvi. Ukikitia chakula uchachu vizuri, ulimi hauitafuti chumvi kama zamani. Embe mbichi inafanya kazi hiyohiyo, na ukwaju pia, ukiuloweka na kuchuja. Sasa hivi nikila mchuzi wa watu nauona una chumvi kali, na mimi ndiye niliyekuwa naongeza chumvi kabla ya kuonja.

Tangu usiku ule hatujaacha. Wifi, ambaye ana sukari na hakubali kuambiwa, amegeuka kuwa mkaguzi. Anakwenda soko la Mgandini asubuhi mwenyewe, anabonyeza parachichi za watu mpaka wanamfukuza. Kagundua kwamba machungwa ya Muheza ukiyamenya ukayakata vipande, ukachanganya na figili na kitunguu, unapata kitu cha kula na samaki wa kuchoma ambacho hata wali hauhitajiki. Mimi mwenyewe nimependa zaidi saladi ya choroko. Naziloweka usiku, asubuhi namwaga maji, nazifunika kwa kitambaa kibichi, nazisuuza mara mbili kwa siku. Kesho yake au keshokutwa zimetoa mikia. Nazipitisha kwenye maji yanayochemka dakika chache, kwa sababu mimea michanga namna hiyo hubeba vijidudu na sisi tumeshakuwa watu wazima, kisha natia nyanya, kotmiri na ndimu. Inashibisha, usidhani ni majani tu. Mchana nakula hiyo na kipande cha samaki, na kachori za usiku zimejiondokea zenyewe bila kufukuzwa. Hapo ndipo uso ulipopungulia. Presha nayo mara ya mwisho ilikuwa imeshuka, ingawa vidonge nameza vilevile, sijaacha hata siku, usije ukaanza kunigombeza.

Nimechunguza mambo kadhaa ambayo nataka uyajue, kwa kuwa wewe ni mvivu wa jikoni na mvivu hukosea kwa haraka.

Saladi isiyo na mafuta kabisa ni kujinyima bure. Ile vitamini A ya karoti na mboga za majani huyeyuka kwenye mafuta, ukila karoti kavu tupu mwili unachukua kidogo. Robo ya parachichi inatosha, au njugu, au ufuta uliokaangwa mkavu, au kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni ambayo huko kwenu si ghali kama huku. Ila usinimwagie ile sosi nyeupe ya chupa. Hiyo tuliila kwenye harusi moja hapa mjini, kabichi linaogelea ndani yake, nikaona afadhali ningekula chipsi nikajua moja.

Chumvi na ndimu tia mwisho, wakati wa kula. Ukitia mapema tango linatoa maji yote na bakuli linakuwa supu.

Si kila jani linaliwa bichi. Kisamvu kibichi kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana. Maharage mekundu nayo yachemke hasa mpaka yaive, usijaribu kuyaloweka tu na kuyatupia kwenye saladi kama unavyofanya choroko. Mchicha mimi bado naupika, na naukamulia ndimu ukishaiva, maana ndimu inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo.

Na osha. Jani kwa jani, chini ya maji safi yanayotiririka, kisha kausha. Kipindupindu hakijali kama wewe uko kwenye dayati. Ukinunua saladi ya barabarani iliyokatwa tangu asubuhi na nzi wanaizunguka, hiyo afya utaitafutia hospitali.

Sasa niseme na wewe. Najua unavyoishi. Wanaume wanne chumba kimoja hapo Ruwi, Maskati, friji moja, jiko moja, na kila mmoja akirudi kazini amechoka. Asubuhi porota, zile chapati za Kihindi, na chai ya maziwa, mchana wali na kuku, usiku porota tena. Uliniambia mwenyewe kwamba shati la Idi halifungi. Na Juni inakuja, Maskati joto linapita nyuzi 40, utasimama vipi mbele ya jiko? Hiyo ndiyo hali ya hewa ya kula kitu cha baridi kilichokatwa tu.

Huko una vitu ambavyo mimi nikivipata Tanga ningefanya sherehe. Migahawa ya Walebanoni inauza fattoush, ile saladi yenye vipande vya mkate uliokaushwa, na wanainyunyizia ule unga mwekundu mchachu ambao watu wa Sham hawakosi jikoni. Nenda ukaile mara moja, uitazame vizuri, kisha uige. Mkate wa jana usiutupe, ukaushe kwenye kikaango bila mafuta, uuvunjevunje juu ya nyanya, matango, figili na nanaa. Sokoni utakuta wanauza baqla kwa mafungu. Usishangae, ni tako la hasani lilelile linalojiotea huku mashambani na sisi tunaling'oa kama magugu. Majani yake mazito, yana uchachu kidogo, yanafaa mno kwenye bakuli hilo. Shangazi yako alipojua kwamba Maskati mtu analipia tako la hasani kwa riali, alitoka uani akaenda kuliangalia upya.

Siku ukiwa umechoka kabisa, fungua kopo la dengu na kopo la jodari, mwaga maji yake, suuza dengu kupunguza chumvi, tia kitunguu, nyanya, ndimu, kotmiri. Hakuna moto. Wenzio wakikucheka, waache wacheke, weka vijiko vinne mezani na uwashe filamu.

Filamu iwe ya kuchekesha. Nasema kweli. Usiku baada ya kazi usijitie kwenye zile za kuuana unazozipenda, mtu anakula huku moyo unamwenda mbio, hajui hata ameweka nini mdomoni. Tafuta yai na mlevi wake. Kama wenzio ni wa Kerala na Pakistani kama ulivyosema, wataijua tu, na watakuimbia kawali ya Akbar kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo hutahitaji tafsiri.

Kuna kijana wa mtaa wa pili anakuja Maskati wiki ijayo, nimempa mfuko wako. Ndani mna ufuta, njugu ambazo nimeshazikaanga bila chumvi, na pilipili kavu. Wifi katia embe mbichi sita nikiwa nimegeuka, sijui kama uwanja wa ndege watampitisha nazo, lakini amekataa kuzitoa. Zikifika, kula mbili wewe, nyingine wape wenzio. Dada yako anauliza kama huko mnapata filamu ya Chupke Chupke yenye maandishi ya Kiingereza chini, maana Jumamosi hii ndiyo zamu yake kuchagua na shangazi yako tayari ameanza kununa.

Nikumbushe kwenye simu nikueleze habari ya shamba la Pangani, si ya kuandika.

Wakatabahu,
Mama yako